Raia Wapya wa Mfalme Bindo

Ifahamike na watu wote kwamba Ufalme wa Pipa ulikuwa na mipaka, jeshi, hazina, sheria na mfalme. Mipaka ilianza kwenye kisima cha Mtaa wa Watia Rangi, ikapita nyuma ya kanisa, ikateremka mpaka ukingo wa mto Arno, ikakata kona ya ghafla kwa sababu ya mbwa wa mwenye kinu, kisha ikarudi kisimani. Jeshi lilikuwa kila mwanamume aliyeweza kusimama bila kushikwa. Hazina ilikuwa sanduku la jibini ambalo jibini yake ilikwisha kuliwa na mawaziri. Na mfalme alikuwa Bindo wa Cione, kijana wa miaka ishirini, mtia rangi, mrefu kama mti wa kuanikia vitambaa na mwembamba vilevile.

Firenze ilikuwa na falme nyingi za namna hiyo. Serikali ya kweli ilikaa Kasrini, ikatoza kodi na kupinduana yenyewe kwa yenyewe bila kumwuliza mtu. Falme za mitaani zilikaa mitaani, na hizo ndizo watu walizozililia. Kila mtaa wa mafundi ulimchagua mfalme wake, ukamvika taji la bati na kumpigia goti mwezi wa Mei. Kila ufalme ulikuwa na jiwe lake lililojengewa kwenye kona ya ukuta, limechongwa alama yake. Jiwe la akina Bindo lilichongwa pipa. Mtu wa mtaa ule aliweza kukuuliza nani anatawala Kasrini mwezi huu, na hakuona aibu kutojua, lakini hakupita mbele ya jiwe bila kuligusa.

Sasa jiwe hilo lilikuwa hatarini kung'olewa.

Mwaka uliotangulia, siku ya sikukuu, Ufalme wa Shoka, yaani wachinjaji wa kule darajani, walikuja wakawasukuma watia rangi mpaka mtoni na kuondoka na bendera yao. Mfalme wa wakati huo, Mengo, alitolewa majini akiwa na taji shingoni. Na sheria ya falme zote haikuwa na huruma. Aliyepoteza bendera alipewa mwaka mmoja tu. Akishindwa tena, jiwe lake linatolewa ukutani kwa patasi, mtaa wake unafanywa mkoa wa mshindi, na watu wake wanakwenda kumpigia goti mfalme wa watu wengine.

"Wajukuu zangu wataitwa watu wa Shoka," alisema Monna Tancia, mama yake Bindo, akatema mate pembeni mwa pipa. Hakutema ndani. Ndani mlikuwa na mkojo, chokaa, pumba na majani yaliyovunda, lakini kazi ni kazi.

Siku ya kumchagua mfalme mpya, wazee walipouliza nani atavaa taji, mtaa mzima uliinama kufunga viatu. Bindo hakuwa na viatu vya kufunga, alikuwa amevaa mitalawanda ya mbao isiyo na kamba. Kwa hiyo alichaguliwa kwa kauli moja.

Mfalme yeyote mwenye akili hutafuta mshauri, na Bindo alimpata Ser Ambruogio, kwa sababu ndiye mtu pekee mtaani ambaye hakuwa na kazi mchana. Ser Ambruogio alikuwa karani wa hati huko Kasrini mpaka serikali ilipobadilika na wakubwa wapya wakagundua kwamba mwandiko wake unawapendeza wakubwa wa zamani. Wakamtoa. Alirudi nyumbani na koti jeusi, kikohozi na nakala ya kitabu kimoja kidogo kilichoandikwa kwa mkono, ambacho wakati ule kilikuwa kikipita chini kwa chini kutoka koti hadi koti.

Kilikuwa kitabu kinachoeleza namna mtu anavyoupata utawala na namna anavyoushika usimponyoke. Ser Ambruogio alikipenda kama wengine wanavyopenda mbwa. Alikuwa akimwambia kila mtu kwamba aliyekiandika ni mtu wa mji huu huu, karani mwenzake aliyetolewa kazini vilevile, na kwamba hakukiandika kwa Kilatini cha mapadri, bali kwa lugha ileile ya kuulizia bei ya vitunguu. Jambo hili la mwisho ndilo lililowagusa watia rangi. Hawakujua kama kitabu ni cha kweli au cha uongo, ila kilikuwa chao.

Basi kila siku Ser Ambruogio aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, Mfalme Bindo akakoroga pipa, na elimu ya utawala ikaingia pamoja na mvuke.

Mwanzoni ilimdhuru. Aliposikia kwamba mtawala asiwe mwepesi kuchezewa na watu, aliamua kuanza kuogopwa Jumatatu. Mtu wa kwanza aliyemwona ni Nofri kinyozi, aliyemwita Mfalme Ufito mbele za watu. Bindo alimhukumu kwenda uhamishoni, nje ya mipaka ya ufalme, mpaka itakapotangazwa vinginevyo. Nofri aliinama kwa heshima, akachukua kigoda chake, akakisogeza upande wa pili wa kisima, akaendelea kunyoa. Wiki ile raia wote wa Pipa walisafiri nchi za nje kunyolewa ndevu. Bindo mwenyewe alikaa na ndevu zake mpaka mama yake alipomwambia kwamba anafanana na mbuzi aliyefiwa.

"Kitabu kinasema uogopwe," alijitetea.

"Soma vizuri, mwanangu," alisema Ser Ambruogio. "Kinamsema mtu mwenye kitu cha kuogopesha. Wewe una nini? Mwiko?"

Kinyozi alirudishwa kwa msamaha wa kifalme, na msamaha ule ukaenda na kunyolewa bure, jambo ambalo wanahistoria wa ufalme wanalihesabu kuwa ushindi wake wa kwanza wa kidiplomasia.

Kisha ikaja habari mbaya. Mengo, mfalme wa zamani, aliyekuwa hathubutu kuvuka daraja mchana, alivuka jioni kununua maini, akarudi mbio. Alieleza kwamba Beco, mfalme wa Shoka, amekodi wazoa mchanga. Hao walikuwa watu wa juu ya mto, wanaosimama majini mpaka kiunoni kutwa nzima wakichota mchanga kwa majembe marefu, na hakuna aliyewahi kumwona mzoa mchanga ambaye shingo yake ilikuwa nyembamba kuliko kichwa chake. Beco aliwaahidi soseji, na soseji nyingine walikuwa wamekwisha kula.

Mtaa ulikusanyika kisimani. Wote walikuwa na wazo moja, na wote walilitoa kwa pamoja. Na sisi tukodi. Kuna wabeba mizigo wa sokoni, kuna wachukuzi wa mawe, kuna wale ndugu watatu wa kinu cha mafuta. Waliotaka kukodi walitaja hata watu waliokwisha kufa. Bindo aliwasikiliza, akamgeukia mshauri wake.

Ser Ambruogio hakufungua hata kitabu. Alisema kwamba juu ya jambo hili mwandishi anapiga kelele kuliko mahali pengine popote. Mwenye kushikilia utawala kwa nguvu za kukodi hajaushika. Watu hao wanakuwepo wakati wa kula, na wakati wa kufa wana safari. Nchi yetu nzima imekanyagwa na wageni kwa sababu wakubwa wake waliona uvivu kujipigania.

"Haya," akasema Nofri kinyozi, "na juu ya mfalme asiye na nguvu za kukodi wala za kwake, kinasema nini?"

"Kinasema mengi. Karibu kitabu chote kinamhusu huyo."

Watu walicheka, lakini Bindo hakucheka. Alirudi kwenye pipa, akachukua mti wake wa kukorogea, akawaza. Hakuwa mtu wa kuwaza haraka, ila akishaanza haachi.

Hapa lazima msomaji aelezwe jambo moja la sheria, kwani ufalme bila sheria ni fujo tu yenye bendera. Uraia wa falme hizi haukuandikwa popote, ulionekana mwilini. Mtia rangi wa buluu alijulikana kwa mikono yake, buluu mpaka kiwikoni, rangi isiyotoka kwa sabuni wala kwa toba. Zamani watia rangi wenye njaa walikuwa wakikodiwa na mitaa mingine kuusukuma mtaa wao wenyewe, na aibu hiyo ikakomeshwa kwa kanuni iliyokubaliwa na wafalme wote: mwenye mikono ya buluu ni raia wa Pipa, na siku ya sikukuu hawezi kuinua mkono juu ya jiwe la Pipa, awe amelipwa na yeyote. Kanuni haikusema buluu hiyo imepatikana wapi. Walioitunga walikuwa watu wazima, hawakufikiria kwamba siku moja atatokea Bindo.

Alikuwa anainua kitambaa kutoka kwenye pipa. Kila mtu wa mtaa ule ameona jambo hili tangu akiwa mgongoni mwa mama yake, na kwa hiyo hakuna anayelitazama. Kitambaa hakitoki kikiwa buluu. Kinatoka cha manjano hafifu, kama maji ya kuchemshia mboga. Kinapopigwa na hewa kinakuwa kijani, halafu, chenyewe, bila kuguswa na mtu, kinageuka buluu. Bindo alisimama akikitazama kikigeuka, matone yakimwangukia mguuni.

"Ser Ambruogio," alisema polepole, "kitabu kinasema lolote juu ya kumfanya adui awe mtu wako bila yeye kujua?"

Mzee alianza kupekua kurasa, akamwangalia usoni, akaacha kupekua. "Sijui," alisema, "ila sipendi unavyotabasamu."

Siku ya sikukuu ilianza kwa tarumbeta, na tarumbeta ilianza vibaya. Kabla ya mapambano, ufalme unaotetea jiwe sharti uukaribishe ufalme unaokuja kulichukua. Wanakaa meza moja, wanamega mkate, kila upande unawaona watu wa upande wa pili, na hakuna wa kusema baadaye kwamba alivamiwa kwa hila. Na kwa kuwa Firenze si porini, hakuna mtu anayekaa mezani kabla ya kuletewa maji ya kunawa.

Meza ziliwekwa mtaani, mbele ya jiwe. Kwenye kiti cha juu aliketi mwamuzi, Goro mfumaji, ambaye katika maisha ya kawaida alikuwa na mguu mbovu na wakwe wabaya, lakini siku ile alikuwa Kaisari wa Uwanja, mkuu wa wafalme wote, na hata wakwe walimwinamia. Beco alifika na wachinjaji wake nyuma, na nyuma ya wachinjaji wakaja wazoa mchanga, shingo na kila kitu. Mbele yao alikuwa kiongozi wao, mtu mpole mwenye sauti nzito aliyeitwa Cencio. Bendera ya Pipa waliibeba juu ya mti wa kuning'inizia nguruwe.

"Bindo," alisema Beco kwa furaha, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mkubwa tu, "hivi mama yako anakulisha, au anakuanika pamoja na vitambaa?"

"Ananianika, bwana. Ananiambia nikikaa ndani nitanuka kama wewe."

"Kula leo ushibe. Kesho utakula kwangu, umepiga magoti."

Monna Tancia na wanawake wengine wakatoka na mabeseni. Walikuwa wameyafunika kwa mbao mpaka dakika ile, na walikuwa wameengua povu la buluu lililo juu. Waliyatilia maganda ya machungwa na majani ya rosmari. Harufu haikuwa tatizo. Mtaa mzima ulinuka vilevile tangu enzi za mababu, na mgeni aliyefika pale pua yake ilikwisha kukata tamaa kabla hajafika kisimani. Maji yalikuwa ya manjano kidogo, kama supu iliyopozwa, na yalikuwa ya uvuguvugu.

Wachinjaji hawakunawa hata mmoja. Walikuwa majirani wa watia rangi vizazi na vizazi, na kila mtoto wa darajani hufundishwa, kabla ya sala, kwamba asitie mkono kwenye maji yoyote ya mtaa ule. Walijifuta kwenye aproni zao, wakaketi. Lakini hakuna aliyewaambia wazoa mchanga. Hao waliambiwa waje lini, wapi, na watakula nini. Mengine hakuna aliyekumbuka, kwa sababu mtu wa kukodi hakai nanyi jikoni mkizungumza.

Cencio aliingiza mikono kwenye beseni, na uso wake ukabadilika. Watu wanaosimama kwenye maji baridi ya mto mwaka mzima hawaletewi maji ya uvuguvugu kila siku. "Loo, mama," alimwambia Monna Tancia, "Mungu akubariki."

"Loweka, mwanangu," alisema Monna Tancia. "Mpaka kiwikoni. Una mikono ya mtu anayefanya kazi."

Waliloweka wote. Wengine walirudia. Mmoja alifumba macho. Halafu wakaketi, wakamega mkate, wakanyoosha mikono kuchukua maharage, na Mfalme Bindo, ambaye alikuwa hajaweza kula kitu tangu asubuhi, aliitazama ile mikono kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Kwanza ilikuwa kijani. Mzoa mchanga mmoja aliiona, akadhani ni mafuta ya zeituni, akaifuta kwenye suruali. Kisha ikaanza kuwa buluu kwenye kucha, ikapanda kwenye vifundo, ikaenea taratibu kama kivuli ukutani. Cencio aliinua mikono yake mbele ya macho, akaigeuza, akaitazama kwa nyuma, kama anaangalia kama ni yake.

Bindo alisimama. Mitalawanda yake iligonga mawe.

"Mtukufu Kaisari," alisema, "naomba usome kanuni ya mikono."

Sina haja ya kusimulia kelele zilizofuata, maana kila upande ulisema mambo ambayo hayaandikiki. Beco aliruka juu, akapinga kwamba hii ni hila, ni uchawi, ni uhuni. Bindo alijibu kwamba alikaribisha wageni, akawapa maji mbele za watu, na hakumlazimisha mtu kunawa. Kaisari Goro alishika mikono ya Cencio, akaisugua kwa mate, akaisugua kwa divai, akainusa. Alikuwa mfumaji, nguo za buluu alizifuma miaka mingi, na alijua anachokiona. Akajiuma mdomo, kwa sababu alitaka kucheka na Kaisari hacheki.

"Ni buluu," alitangaza. "Kanuni haisemi zaidi ya hapo. Hawa ni raia wa Pipa mpaka itakapotoka. Hawatalisukuma jiwe."

Mtaa ulipiga vigelegele. Na hapo ndipo ilipokuja hatari ambayo hakuna aliyeitazamia, nayo ilikuja kwa sura ya rafiki. Cencio alinong'ona na wenzake, akamjia Bindo, akapiga goti kwa adabu kabisa.

"Mfalme wangu," alisema, "soseji za Beco tulikwisha kula, hapo hatudaiwi. Sasa sisi ni wako. Sheria inasema hatuwezi kukusukuma. Haisemi hatuwezi kukusaidia. Tupe mvinyo, tutawatupa hawa wachinjaji mtoni mmoja mmoja."

Raia wa Pipa waliitikia kwa mngurumo. Mengo alikuwa tayari anamkumbatia mzoa mchanga mmoja kiunoni, maana mabegani hakufika. Ushindi ulikuwa umeketi mezani, unasubiri kumiminiwa. Monna Tancia alimtazama mwanawe. Ser Ambruogio alikuwa amekikumbatia kitabu kifuani. Kikohozi chake kilikoma.

Bindo aliwatazama wazoa mchanga, halafu akawatazama watu wake. Kulikuwa na Mengo. Kulikuwa na Nofri, mwenye mkono mwepesi lakini wa kinyozi. Kulikuwa na wakoroga mapipa wenye vifua vya mvuke, wabeba maji, wazee wawili waliokataa kubaki nyumbani, na mtu mwenye jicho moja aliyesukuma upande wowote aliokuwa akiuona. Aliwapima kama anavyopima kitambaa kabla ya kukitia rangi, na hakujidanganya.

"Cencio," alisema, "nashukuru. Keti ule, wewe ni mtu wangu, na mvinyo utapewa. Lakini huwezi kusukuma."

"Una wazimu, Bindo," alisema Mengo.

"Asubuhi alikuwa wa Beco. Kati ya mkate na maharage amekuwa wangu. Kabla kengele haijalia atakuwa wa nani? Na hata akibaki wangu, tukishinda, kesho mtasema nani ameshika jiwe? Mtasema wazoa mchanga. Hata watoto watasema hivyo." "Nimechaguliwa kuwa mfalme wa nyinyi. Wafupi, wenye vikohozi, wengine mna jicho moja. Ni nyinyi tu. Kama jiwe ni la kung'olewa, ling'olewe likiwa na mikono yetu juu yake."

Hakuna aliyempigia makofi. Walinung'unika, walimlaani, Nofri alimwita kwa lile jina la zamani na nyongeza. Lakini huku wakinung'unika walikuwa wanakunja mikono ya mashati, na mikono karibu yote ilikuwa buluu, buluu ya miaka, siyo ya siku ile.

Sheria ya mapambano ni rahisi. Wanaotetea wanasimama wamelizingira jiwe. Wanaokuja wanasukuma. Hakuna ngumi, hakuna fimbo, hakuna kuuma, ingawa kuuma hakukaguliwi sana. Kengele ya sala ya jioni ikilia na mkono wa mtetezi ungali juu ya jiwe, jiwe ni lake na bendera yake inarudi. Mkono wa mfalme ndio unaohesabiwa.

Wachinjaji walikuja kama ng'ombe wanaotoka zizini. Pigo la kwanza liliwabana watia rangi ukutani mpaka wazee wawili wakatoka juu kama maganda ya njegere. Taji la Bindo lilipondeka. Kiwiko cha mtu kilimkuta mdomoni, akasikia jino likihama. Alikuwa ameegemea jiwe kwa kiganja, na alihisi pipa lililochongwa likimchora ngozi.

Pigo la pili lilimsogeza. Vidole vyake vilibaki kwenye ukingo tu. Beco alikuwa uso kwa uso naye, anahema.

"Achia, mtoto. Utavunjika."

Bindo alikaza vidole. Na chini, kwenye miguu, jambo lilikuwa linatendeka. Mtaa ule una mteremko, na katikati yake unapita mfereji wa maji ya mapipa, na mawe yake yana utelezi Januari hadi Desemba. Watia rangi walijifunza kutembea hapo. Miguu yao, katika mitalawanda, hutafuta nyufa za mawe bila kuamriwa, kisigino kikaingia, goti likajifunga. Wachinjaji walivaa viatu vizuri vya ngozi vilivyopakwa mafuta. Kila waliposukuma kwa nguvu zaidi ndivyo viatu vilivyowarudisha nyuma.

"Mguu kwenye ufa!" alipiga kelele Monna Tancia kutoka dirishani, kama anavyowapigia kelele kila siku ya kazi wanapobeba vitambaa vilivyolowa. Na walijipanga kama siku ya kazi, bega kwa bega, pumzi kwa pumzi, wakiinua pamoja. Hawakuwa na nguvu kuliko wachinjaji. Walikuwa wamezoeana tu. Mengo, aliyekuwa ameshindwa mwaka uliopita kwa sababu alitaka kushika jiwe peke yake, aliweka mgongo wake nyuma ya mgongo wa Bindo, akasukuma mpaka macho yakamtoka. Vidole vya mfalme vilirudi kwenye jiwe, kimoja kimoja, halafu kiganja.

Mezani wazoa mchanga walikuwa wamesimama, vikombe mkononi, wanapiga kelele kuishangilia Pipa kana kwamba walizaliwa pale. Cencio alisukuma meza kwa tumbo bila kujua.

Kengele ikalia.

Ilichukua muda kuwatenganisha, kwa kuwa baadhi yao walikuwa wamenasana mikanda. Beco aliketi chini kwenye mfereji, akavua kiatu kimoja, akakitazama kwa chuki. Kisha akainuka, akaileta bendera mwenyewe, kama sheria inavyotaka. Ilikuwa inanuka mafuta ya nguruwe. Ser Ambruogio alimsogelea mfalme wake, akamnong'oneza kwamba kitabu kina mawaidha mazito juu ya namna ya kumtendea adui aliyeshindwa. Bindo alitikisa kichwa. Alimsogezea Beco kiti.

"Maji ya kunawa sitaki," alisema Beco akiketi.

"Hunawishwi," alisema Monna Tancia. "Wewe ni mgeni, si raia."

Ilibaki sehemu ya mwisho. Kaisari Goro alichechemea mpaka kwenye jiwe, akaligonga kwa fimbo yake, akauliza swali linalosubiri jibu la mfalme kabla jua halijazama, la sivyo ushindi haukamiliki.

"Jiwe hili ni la nani?"

Bindo alifungua mdomo. Ulikuwa umevimba kama mkate, na ulijaa damu, na ulimi ulikuwa bado unalitafuta lile jino. Haikutoka sauti. Kaisari aliuliza tena, na bado haikutoka. Bindo akainua mkono, ule wa buluu wenye alama ya pipa kiganjani, akauelekeza nyuma yake, kwa watu.

"Letu," alisema Mengo.

"Letu," alisema kinyozi, na wabeba maji, na wanawake madirishani, na wazee wawili waliokuwa wanafungwa vitambaa. Cencio na wenzake nao walisema, kwani mpaka buluu itoke walikuwa na haki. Kaisari aligeuza sikio kana kwamba hajasikia, na mtaa ukasema kwa pamoja, kwa lugha ile ile ya kuulizia bei ya vitunguu, mpaka mbwa wa mwenye kinu akaanza kubweka huko mpakani.